Tone Nene

Watu wa Mpimbwe walikuwa wakisema kwamba Makarius akikutoboa kidole, utajua umetobolewa ukishafika kwako. Hiyo ilikuwa chumvi, ila chumvi ya kiasi tu. Mkono wake ulikuwa mwepesi kweli. Kwa miaka kumi na minane yeye ndiye aliyekuwa maabara nzima ya hospitali ya misheni: meza moja chini ya dirisha, hadubini iliyotumia mwanga wa jua, mashine ya kuzungushia damu kwa mkono, na chupa ya rangi aliyoifungia sandukuni kama divai ya misa. Siku ya kliniki alipima watu hamsini kabla ya chakula cha mchana, na hakutaka kusaidiwa.

Sista Matilda, aliyemfundisha kazi, alimfundisha kuweka matone mawili ya damu kwenye kila kioo. La kwanza ni tone nene, la kutafutia malaria. Hilo ukilitia rangi, chembe nyekundu zote hupasuka na kuyeyuka, wakabaki vidudu vya malaria, kama wamo, pamoja na chembe nyeupe za kuwahesabia. La pili ni tone jembamba, linalovutwa kwa ukingo wa kioo kingine mpaka liwe utando. Humo chembe nyekundu hubaki na maumbo yao, ukaona ipi nzima na ipi ina kasoro. Tone nene ni kazi ya haraka. Tone jembamba linataka subira na rangi nyingi.

Sista alirudi kwao Ulaya mwaka 1971. Miaka miwili baadaye rangi ikaanza kuadimika, chupa ya mwezi mmoja ikalazimika kuwa ya miezi mitano, na Makarius akaamua mwenyewe, bila kumwuliza mtu, kuliacha tone jembamba. Nani angelalamika? Mgonjwa hajui kioo chake kina tone moja au mawili. Enoka, daktari msaidizi aliyekuwa na wagonjwa waliolala mpaka chini ya vitanda, alitaka jibu moja tu: malaria ipo au haipo. Makarius akajisifu moyoni kwamba ameokoa rangi. Mazoea yana taabu, na yenye taabu zaidi ni yale yanayomletea mtu sifa.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Romana. Mama yake alifariki Romana akiwa na miaka tisa, na Makarius hakuoa tena, jambo lililowashangaza watu kuliko wepesi wa mkono wake. Alimlea mwenyewe. Alimpikia, alimfulia, alimsuka nywele upande upande mpaka wenzake wakamcheka shuleni, akazifumua akamsuka tena. Alipoolewa na Anselmo, mkulima wa mpunga, Makarius alilia kanisani mbele za watu na hakuona haya.

Mwezi wa tatu mwaka 1975 Romana alikuja kliniki akiwa na mimba ya tatu, ya miezi mitano. Ulikuwa mwaka wa njaa. Mvua za mwaka uliotangulia zilikata mapema, na watu walikuwa wameacha mashamba yao ya mabondeni wakahamia kijiji kipya kando ya barabara ya Usevya, ambako nyumba zilipangwa kwa mstari lakini bustani zilikuwa hazijaota. Walikula unga wa mahindi ya njano ya msaada. Mboga yao ilikuwa majani yaliyoanikwa juani mpaka yakawa kama tumbaku, kisha yakachemshwa na magadi toka asubuhi mpaka yalainike. Matumbo yalijaa, na mwaka ule hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo.

"Nachoka, baba," Romana alisema. "Nikiinama kisimani, moyo unakwenda mbio kama nimefukuzwa."

Makarius akamtoboa kidole. Damu yake ilikuwa asilimia arobaini na nane, nusu tu ya inayotakiwa. Tone nene lilionyesha malaria kidogo, na choo hakikuwa na minyoo ya safura. Enoka akaandika klorokwini, na vidonge vya chuma, ambavyo watu waliviita vidonge vya damu, vitatu kwa siku. Makarius alimsindikiza bintiye mpaka njia panda, akamwambia kwamba akirudi mwezi ujao atakuwa anaruka kama mbuzi.

Mwezi uliofuata damu ilikuwa asilimia arobaini.

"Vidonge unameza?"

"Nameza."

Makarius aliiandika namba ile. Alikuwa ameona mengi. Kila baada ya kliniki, katika majani ya kando ya njia ya hospitali, aliokota vidonge vilivyotupwa na wanawake ambao walikuwa wamempa Enoka shukrani nyingi. Wengine walisema vinachafua tumbo, wengine walisema vinakuza mtoto mpaka ashindwe kutoka. Kwa hiyo Makarius alikuwa na hesabu yake, fupi na safi: chuma kikiingia, damu hupanda, damu haijapanda, basi chuma hakijaingia.

Ipo alama moja ya kumjua anayemeza chuma. Choo chake huwa cheusi. Lakini huko baba hamwulizi binti yake aliyeolewa habari ya choo, na binti hamwambii baba yake. Angeweza kumtuma muuguzi. Hakumtuma, kwa kuwa jibu alikuwa nalo tayari.

Mwezi wa tano Romana alikuja na mama mkwe wake, Lusia, na nyuma yao akaja Anselmo, ambaye alisimama nje ya mlango akiwa ameshika kofia. Kwao mkwe wa kiume hamtazami baba wa mke wake usoni, na Anselmo alikuwa kijana mwenye adabu zake. Damu ilikuwa asilimia thelathini na mbili. Makarius alipima mara mbili, kisha akageuka, akazungumza na Lusia kama vile Romana hayumo chumbani.

"Mkwe, huyu hamezi."

"Anameza, mkwe," Lusia alisema. "Tangu mwezi uliopita namsimamia mwenyewe. Nampa maji, anameza, namwona."

"Unamwona anakunywa maji. Kidonge kinabaki chini ya ulimi. Nimefanya kazi hii miaka kumi na minane. Kwinini walikuwa wanaificha hivyohivyo, ukigeuka wanatema. Nyie mwangalieni mdomoni."

"Baba," Romana alisema. "Mimi?"

"Wewe. Mimi damu haiwezi kunidanganya. Fungua mdomo."

Akafungua. Ulimi wake ulikuwa mwekundu kama nyama iliyochunwa, laini, umechubuka pembeni. Makarius akauinua kwa kijiti, akatafuta kidonge chini yake, hakukiona, akamwambia afunge. Akaenda kutafuta kidonge, na ulimi wenyewe, uliokuwa ndio dalili, hakuuona. Uchungu wa jambo hilo ulikuja kumkaa baadaye, na haukumtoka mpaka alipozeeka.

"Nawaachia nyie," alimwambia Lusia, kwa sauti iliyofika mpaka nje ya mlango. "Binti yangu ni mkaidi. Alikuwa hivyo tangu mdogo." Hilo nalo halikuwa kweli. Romana hakuwahi kuwa mkaidi hata siku moja, ila mtu akishaanza kumshitaki mwenzake hukosa mahali pa kukomea.

Tone nene la siku ile lilikuwa safi kabisa. Makarius aliandika hivyo, akaita mgonjwa mwingine.

Wiki ya pili ya mwezi wa sita, Anselmo alimleta Romana kwa baiskeli. Alikuwa amemfunga kwa kanga kwenye kiti cha nyuma asianguke, na njia nzima alikuwa akiisukuma kwa miguu, mwendo wa saa nne. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Miguu ilikuwa imevimba, midomo imekuwa na rangi ya majivu, na alipumua kwa mabega. Damu ilikuwa asilimia kumi na tisa. Enoka alimtazama Makarius, akasema lazima aongezewe damu leo, tena chupa nusu na polepole, moyo huo hauwezi kubeba zaidi.

"Chukua yangu," Makarius alisema.

Akatoa. Kisha akafunga mkono kwa pamba, akarudi mezani kuzioanisha damu mbili, ya baba na ya binti, kuona kama zitapatana. Aliitia damu ya Romana kwenye kichupa, akazungusha mashine kwa mpini mpaka bega likauma. Ilipotulia, damu nyekundu chini ilikuwa kidogo mno, kama ukucha wa kidole gumba. Juu yake maji ya njano, na katikati ya maji na damu, utando mweupe mwembamba. Majibu ya kuoanisha yangechukua dakika kumi na tano, na mikono yake haikuweza kukaa bure. Akakumbuka Sista alivyokuwa akimwambia: sisi hatuna sindano ya kutoboa mfupa tuone uboho, mahali damu inapotengenezwa, lakini chochote kinachotoroka kwenye uboho kabla hakijaiva utakikuta kwenye utando ule mweupe. Akauvuta kwa bomba jembamba, akautandaza kwenye kioo, tone jembamba la kwanza tangu mwaka 1973. Akalifungua lile sanduku, akamwaga rangi bila kuipima.

Alipoinamia hadubini hakuhitaji kutafuta. Chembe nyekundu zilikuwa chache, kubwa kupita kiasi, nyingi zikiwa na umbo la yai. Na katikati yake zilikuwapo nyingine kubwa zaidi ambazo hazikupaswa kuwa kwenye damu kabisa. Zilikuwa chembe changa, mimba za chembe nyekundu, zimetoka kwenye uboho kabla ya siku zake. Mwili wa kila moja ulikuwa umenenepa na umeanza kupata wekundu, lakini kiini ndani kilikuwa bado cha kitoto, kilegevu, chenye matundumatundu.

Aliwahi kuziona mara moja tu, mwaka 1968. "Hizi zimekua mwili, akili bado," Sista alimwambia siku ile. "Chuma anacho huyu mama, tena tele. Anachokosa ni vitamini, ile ya majani mabichi na maini. Bila hiyo kiini hakiwezi kujigawa, na uboho unabaki kutengeneza majitu yasiyoiva, yanakufa humohumo. Ukimpa chuma unampelekea fundi misumari, na fundi hana mbao." Kisha alimpa yule mama vidonge vidogo vya njano vya foliki, na baada ya wiki mbili mama akatembea kwenda kwao Ugalla.

Foliki ilikuwapo. Kopo lilikuwa kwenye chumba cha dawa, ng'ambo ya ukumbi, linatumika kwa watoto wenye ugonjwa wa selimundu. Kutoka mlango wa maabara mpaka kwenye rafu ile ni hatua sita.

Makarius alilichukua mwenyewe, akampelekea Enoka, akamwonyesha kioo. Enoka aliinama muda mrefu. "Tungejua mwezi wa tatu," alisema, kisha akaenda kumpa Romana vidonge na kumtundikia chupa ya damu ya baba yake, iliyokuwa imepatana na yake.

Vile vioo vya kliniki vilikuwa vinahifadhiwa, wakaguzi wakija wavione. Makarius akalishusha boksi la mwezi wa tatu, akakitoa cha Romana. Lilikuwa tone nene, chembe nyekundu zote zimeyeyuka kama alivyotarajia, na akashusha pumzi: hapa nisingeweza kuona. Kisha akaona. Chembe nyeupe hazikuyeyuka. Kwa mtu mwenye afya kiini cha kila moja hukatika vipande vitatu au vinne. Hizi zilikuwa na vipande vitano, sita, moja ilikuwa na saba, na ugonjwa huo ndio huzifanya hivyo. Sista alimfundisha hilo pia. Mwezi ule wa tatu alizihesabu mia mbili, moja moja, ili apate kiasi cha malaria. Alizihesabu kama mtu anavyohesabu magunia, bila kuuliza ndani mna nini.

Akalia pale mezani. Hakuwa na pa kuuelekezea ubaya ule ila kwake mwenyewe.

Siku ya pili mtoto alizaliwa, wa kiume, mfu. Lusia na Anselmo wakamchukua kwenda kumzika kijijini, wakasema watarudi Jumapili. Siku ya nne Romana aliomba chakula. Siku ya tano aliomba samaki, akala, akaomba mwingine, na muuguzi akacheka. Makarius alichukua tone, jembamba, akaona chembe changa za kawaida zinaanza kujaa, ndogo, zenye adabu, kila moja na umri wake. Uboho ulikuwa umeamka. Alifurahi mpaka akaogopa furaha yenyewe.

Jioni ile, jua likiwa bado dirishani, alikaa kando ya kitanda.

"Romana. Vile vidonge vya chuma."

Romana aligeuza uso ukutani. "Nilimeza, baba."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Sentensi moja tu: najua ulimeza. Lakini Makarius alifikiri kwamba amemshitaki mbele ya wakwe, basi ni haki amsafishe mbele ya wakwe, Jumapili, wote wakiwapo, hata kioo awaonyeshe. Hiyo ilikuwa sababu nzuri. Nyuma yake ilikuwapo nyingine isiyo nzuri: alikuwa anaogopa. Mtu aliyeheshimika miaka kumi na minane haivui heshima hiyo jioni moja.

"Pumzika kwanza," alisema. "Tutaongea."

Jumamosi asubuhi Romana aliketi kitandani achane nywele. Muuguzi alisema alisimama kidogo katikati, kama mtu aliyesikia anaitwa, akalala upande. Enoka alikuja mbio na hakuweza kitu. Alisema wakati mwingine damu inapoanza kurudi kwa kasi, moyo uliodhoofika hushindwa ghafla, na hakuna ajuaye yupi utamshinda. Makarius alisikia, akatikisa kichwa, akaomba wamwachie amfunge kitambaa cha kidevuni yeye mwenyewe.

Walimzika kijiji kipya, kando ya kaburi la mtoto, ambalo udongo wake ulikuwa bado haujashuka.

Huko kwao mtu hazikwi hivihivi tu watu wakatawanyika. Siku ya tatu, kabla matanga hayajaanuliwa, mzee wa upande wa mume husimama akataja ugonjwa uliomwua marehemu, mbele ya wote, ili jirani asimwazie jirani yake uchawi. Kisha upande wa wazazi huulizwa kama wana neno. Wakisema hawana, habari imefungwa, na itasimuliwa hivyo mpaka kwa wajukuu.

Aliyesimama alikuwa Bartolomeo, baba mkubwa wa Anselmo. Watu walikuwa wamekaa chini, wanawake upande mmoja, na kati yao walikuwapo wenye mimba wanne au watano.

"Mwenzetu amekufa kwa kukosa damu," Bartolomeo alisema. "Hakuna mkono wa mtu. Damu aliikosa kwa sababu alipewa dawa ya kuiongeza akaikataa. Alikuwa anaficha chini ya ulimi na kutema. Sisemi mimi. Alisema baba yake mzazi, ambaye ndiye anayetupima sisi sote. Nyie mabinti mlioko hapa na matumbo yenu, mmesikia. Dawa ya hospitali mmeze." Akageuka kwa heshima. "Upande wa wazazi, mna neno?"

Upande wa wazazi ulikuwa Makarius peke yake. Alisikia wanawake wakitikisa vichwa, wakimhurumia kwa kuwa na binti wa namna ile. Angeweza kusema hana neno. Kila mtu pale alitegemea aseme hivyo, na wenye mimba wangemeza dawa zao, na jina lake lingebaki lilipo. Akasimama. Akashika nguzo.

"Ninalo," alisema. "Romana hakutema. Alimeza vyote."

Akageukia upande wa wanawake.

"Dawa ile haikuwa ya ugonjwa wake. Damu yake ilikuwa inakosa kitu kingine, na dawa ya hicho kitu kingine tulikuwa nayo. Mimi ndiye nilipaswa kukiona. Kuna kipimo nilikiacha kwa kubana matumizi ya rangi. Na hata kile nilichokifanya, ugonjwa ulikuwamo, nikauhesabu bila kuutazama. Nikamwita mwongo. Alikuwa anasema kweli tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na sikumwambia. Nilitaka kumwambia Jumapili."

Lusia alikuwa ameinamisha kichwa, kanga mdomoni. Makarius alisubiri watukane, na angewashukuru kama wangetukana.

Aliyeinuka alikuwa Anselmo. Katika miaka sita ya ukwe hakuwahi kumtazama Makarius usoni wala kusema naye bila kupitia mtu. Sasa alikuja mpaka mbele yake, akasimama, akamtazama.

"Baba," alisema, "uliposema anaficha chini ya ulimi, mimi nilikuwa mlangoni."

"Najua."

"Nilikuamini. Kila siku nilimwuliza kama amemeza. Akiapa kwamba amemeza, nampiga. Nilimpiga mpaka akaacha kuapa, akawa anasema, ndiyo, natema, samahani. Halafu anaomba kingine anameza tena."

Alisema bila hasira, kama mtu anayetoa taarifa, na mikono yake ilikuwa imening'inia kando. Bartolomeo alibaki amesimama pale katikati, na hakuuliza tena kama kuna mwenye neno.